Siku Niliyosahau Kukata Kikohozi cha Baba Zuhura

Jamani, aibu hii sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, maana kila nikianza watu wa mtaa wangu wa Jabe wananipokonya na kunimalizia, tena wanatia chumvi mpaka naonekana mwehu, kwa hiyo leo acheni niseme mwenyewe, mwenye aibu yangu, nanyi mkishacheka mkaombe msamaha kwa niaba yangu huko juu mtaa wa Mutanga Sud.

Kazi yangu ni ya sauti. Nina kachumba nyuma ya cherehani za mume wangu, karibu na soko, nimekapachika magodoro ya zamani ukutani ili kelele za nje zisiingie (zinaingia), na nina bafle, zile spika kubwa kubwa, ninazokodisha kwenye arusi na matanga, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Mama Bafle, na jina langu la Mwajuma limebaki kwenye kitambulisho tu. Ugonjwa wangu ni mmoja, udadisi. Nikikuta kitufe nisichokijua lazima nikibonyeze, na mume wangu alishanikataza kabisa kugusa cherehani yake mpya.

Sasa nikapata programu mpya ya kompyuta, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichoniondolea usingizi. Sauti ya mtu, sikilizeni, ina chini, ina katikati na ina juu. Chini ndiko kunakonguruma, juu ndiko kwenye sss na shhh na mlio wa midomo inapofunguka. Programu inasikiliza rekodi, inapima chini kuna nguvu kiasi gani na juu kiasi gani, halafu inachora mstari wa vilele na mabonde, kama ile milima ya Congo tunayoiona ng'ambo ya ziwa siku isiyo na ukungu, na mstari huo wenyewe wanauita spektra. Ukiwa na rekodi nzuri na rekodi mbaya, unaiambia, chukua mstari wa ile nzuri uivalishe hii mbaya. Inapandisha palipofifia, inashusha palipozidi, mpaka milima ya huku inafanana na milima ya kule. Nilicheza nayo kama mtoto aliyepewa filimbi. Nikachukua hata mkoromo wa mume wangu nikauvalisha spektra ya mashine ya kusaga unga ya pale sokoni (haikupata kazi kubwa ya kubadilisha), nikamwita asikilize, akaninunia mpaka nilipomkaangia ndagala, vile visamaki vya ziwani.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo akaja Zuhura.

Zuhura nimemwona anatambaa. Mama yake tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta hapa Jabe, tukiazimana chumvi na jivu, kabla marehemu Baba Zuhura hajamaliza nyumba yao ya Mutanga Sud wakahamia kule kwenye hewa safi. Baba Zuhura alifariki binti akiwa bado shule. Na sasa binti ameposwa, tena ameposwa na Isa, kijana wa hapa hapa Jabe, nyumba ya nne kutoka kwangu, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa pande zote mbili na nilijisikia raha kweli kweli.

“Tanti Mwajuma,” akaniambia, maana kwake mimi ni kama shangazi, “siku ya mahari mi nataka baba aseme.”

Mnajua mambo yetu hapa Bujumbura. Siku ya mahari wageni wanakaa upande huu, wenye binti upande ule, wanatazamana, wasemaji wanarushiana maneno mpaka kivuli kinahama, wanajifanya hawajui kilichowaleta, na mwisho wa yote baba wa binti anasema neno lake, nimetoa au sijatoa. Neno hilo likishatoka, limetoka. Kama baba hayupo duniani anasema ndugu yake, na hapa ndugu alikuwepo, Baba Mdogo Ramadhani mwenye duka la vipuri vya magari mtaa wa Asiatique. Lakini Zuhura alikuwa na simu ya zamani ambayo ndani yake baba yake, akiwa mgonjwa kitandani, aliacha maneno ya siku hiyo. Alijirekodi simu ikiwa kwenye mfuko wa shati, maana alikuwa mwenye haya na hakutaka kuonekana anaongea peke yake.

Nikasikiliza. Yoo! Ilikuwa kama mtu anayesemea ndani ya pipa lililofunikwa blanketi. Chini kulikuwa kumejaa, juu hakuna kitu. Ukitega sikio unayapata maneno, lakini kwenye bafle, mbele ya watu mia na sahani zao, isingesikika hata salamu.

Mama Zuhura alikuwa amekuja na binti yake, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, mkoba mapajani.

“Mwajuma,” akasema, “akishamaliza kusema kuna manung'uniko pale, alafu anaanza kukohoa. Ukate pale. Mi tangu azikwe sijapita pale. Kikohozi kikianza tu, nazima.”

Nikamwambia, “Usiwe na wasiwasi, Mama Zuhura, ntakata.” Mumkumbuke mtu aliyesema hivyo.

Nilihitaji rekodi nzuri ya kuigiza, na haifai kuchukua sauti yoyote tu, lazima koo zikaribiane, la sivyo unamfanya mzee aongee kama dada wa redio. Baba Mdogo Ramadhani na marehemu koo zao ni moja, hata kwenye simu watu walikuwa wanawachanganya. Nikaenda Asiatique, nikamwomba tukae ndani ya gari lake, vioo juu (gari lililofungwa ni studio bora kuliko yangu, mwenye magodoro ndiye anayesema), nikamwambia asimulie chochote. Akanisimulia habari za karbureta. Jasho likitutiririka wote wawili, akaeleza ya kweli unaijuaje na ya bandia unaijuaje, kwa mapenzi ambayo sijui kama mke wake ameyaona. Sikumweleza vizuri ninaitakia nini, nilisema tu ni ya kazi ya arusi. Hilo lilikuja kunirudia.

Nikarudi, nikavalisha. Nilipobonyeza na kusikia “Zuhura, mutoto wangu” ikitoka ndani ya pipa, ikavua blanketi, ikasimama pale chumbani kwangu na meno yake na ulimi wake, nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti yake. Mtu niliyewahi kumwazima ngazi.

Na sasa uamuzi wenyewe, ule mdogo. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Nikajiwazia, ngoja kwanza, mashine ikipewa kipande kirefu inapima vizuri zaidi, basi uache huo mkia hapo nyuma, na siku yenyewe akishamaliza neno lake utaisimamisha kwa mkono. Kazi ya kidole kimoja! Halafu nikasukuma nguvu ya kuvalisha kutoka nusu mpaka mwisho, nione inafika wapi. Kuusikiliza huo mkia sikuusikiliza. Mimi ninayesikiliza mpaka mikoromo, kikohozi cha mtu anayekufa nilikiogopa, nikasema ni cha wenyewe.

Siku ikafika. Uwanja wa nyumba yao Mutanga Sud umepambwa, mahema mawili yanatazamana, bafle zangu kila pembe zimefunikwa vitambaa vyeupe kama maharusi wengine. Jabe nzima ilikuwa imepanda, majirani zangu wote, wanawake na vikapu vyao vya zawadi kichwani, na msemaji wao Mzee Bakari, dereva mstaafu wa malori, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na maneno ya kujaza lori.

“Sisi ni wapita njia tu,” akaanza, “radieta imekauka apo chini, tukaona nyumba nzuri, tukasema tuombe maji.”

Baba Mdogo Ramadhani akasimama upande wa wenye binti. “Radieta tunauza, iko dukani Asiatique. Mutoto hatuuzi.”

Watu wakacheka, mambo yakanoga, wakavutana hivyo mpaka soda zikaanza kupata moto. Halafu Baba Mdogo akasema neno la kutoa si lake, mwenyewe yupo, atasema. Akanitazama. Nikabonyeza.

“Zuhura, mutoto wangu. Kama unasikia iyi, basi wamekuja kukuchukua na mi siko. Sawa tu. Anayekuja, kama amekuja na heshima, mi nimetoa. Ramadhani, we utasimama pahali pangu. Mama yako asilie sana.”

Mzee Bakari akavua kofia. Mama Zuhura, pale mbele, alikuwa ameshika shavu kama mwenye jino bovu, machozi yanashuka. Na mimi, badala ya kutazama kompyuta, nikatazama watu! Nilitaka kujua wanamtambuaje. Je, ni zile sss zilizorudi? Ni ile ngurumo ya chini? Nilikuwa naangalia uso kwa uso, najisifu moyoni, kidole changu kimesahau kabisa kilichoitiwa.

Ndipo bafle zote zikasema, kwa sauti ya mwanamke, safi, ya karibu, kila silabi mahali pake:

“Mwambie asiolewe Jabe.”

Nikageuza shingo.

“Tumetoka kule na taabu, asiturudishe. Watu ya Jabe ni maneno mingi, kazi kidogo.”

Yale manung'uniko! Yalikuwa Mama Zuhura, akiongea chini chini pembeni ya kitanda, amefichwa na lile shati miaka yote, na mimi kwa mikono yangu nimempandisha juu pamoja na kila kitu kilichokuwa juu. Nikarukia kompyuta. Nilitaka kusimamisha, nikabonyeza kurudia. “Asiolewe Jabe,” zikasema bafle. “Asiolewe Jabe. Asiolewe Jabe.” Nikapapasa huku na kule, sioni kitufe, sioni hata kompyuta, “asiolewe Jabe,” nikashika waya wa bafle nikaung'oa wote, ukalia puuu! na watoto wote wachanga wa pande mbili wakaanza kulia kwa pamoja.

Mzee Bakari akavaa kofia. Akasimama polepole sana.

“Tumesikia,” akasema, na safari hii hakuwa na mchezo usoni. “Neno la kwanza limesema nimetoa. Neno la pili limesema Jabe apana. Na sisi, ata mukitutazama ivi, ni watu wa Jabe. Tushike lipi?”

Nikaona mwanamke mmoja wa kwetu, jirani yangu wa mlango, anainama kuchukua kikapu chake, na mwingine nyuma yake, na Isa amekaa ameinamisha kichwa kama ndiye aliyekosa. Mama Zuhura alikuwa amejifunika kitenge mpaka machoni.

Hapo Baba Mdogo Ramadhani akaruka katikati. “Ni mashine!” akapiga kelele. “Watu wangu, mukae chini! Uyu Mwajuma alikuja kunirekodi mi mwenyewe, ndani ya gari yangu, na sikujua ju ya nini. Siku izi si mashine inamusemesha mutu maneno asiyosema? Ni mashine imesema Jabe, si mutu!”

“Aaaah!” watu wakapumua. Vikapu vikasita hewani. Baba Mdogo akanigeukia na kunikonyeza, jicho likiniambia we sema ndiyo tu, yaishe. Na mimi, wallahi, nilikuwa tayari. Aibu ingekuwa yangu peke yangu, ya fundi asiyejua kazi, Mama Zuhura angetoka chini ya kitenge, watu wangekula pilau. Mdomo nimeshaufungua.

Ndipo Zuhura akatoka ndani ya nyumba. Haikuwa zamu yake kutoka, bibi harusi hatoki mpaka aitwe, lakini alitoka na hina yake mikononi, akasimama mbele yangu.

“Tanti,” akasema, “kama lile neno ni mashine, basi na ‘nimetoa’ ni mashine?”

Nikimwokoa mama, namnyang'anya binti baba yake. Nikimwachia binti baba yake, namwanika mama mbele ya wakwe, mwanamke aliyenishikia mtoto wangu siku nalazwa. Niliomba ardhi ya Mutanga Sud ipasuke tu, niingie na bafle zangu.

“Apana,” nikasema, na sauti yangu mwenyewe haikuwa na chini wala juu. “Mashine haina neno lake. Inapandisha na kushusha tu. Baba Mdogo nilichukua vile koo yake inapanda na kushuka, maneno yake yalibaki ni ya karbureta. Kila kitu mulichosikia hapa kilikuwa ndani ya mfuko wa shati la baba yako.”

Baba Mdogo akashika kichwa. Mimi nikaanza kulia, ndiyo, mtu mzima, mbele ya wateja.

Kitenge kikasogea. Mama Zuhura akasimama.

“Ni mi,” akasema. “Nilikuwa nachambua maharagi pembeni yake. Nilisema vile, na nilisahau kama nilisema. Munisamehe.”

Watu wakaguna. Mzee Bakari hakukaa wala hakuondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama dereva anayesikiliza injini, na mimi katika aibu yangu nikatambua ule uso, maana ni wangu ninapokuta kitufe nisichokijua.

“Mama,” akasema, “we ulisema. Sawa. Na yeye alijibu nini?”

“Sijui. Kuna kikohozi. Mi sipitagi pale.”

“Miaka yote aujui alijibu nini?”

“Nazima,” akasema Mama Zuhura.

Zuhura akaokota waya chini, akanipa. “Tanti, rudisha. Weka yote.” Mama yake akatikisa kichwa, halafu akaacha kutikisa, akakaa. Nikarudisha waya. Safari hii nilitafuta pale maneno ya Mama Zuhura yalipoishia, nikabonyeza, nikatoa mikono yangu kabisa juu ya kompyuta nikaiweka mgongoni.

Baba Zuhura akasema, pale hewani juu ya mahema, “Jabe? Na mi ulinikuta wapi?”

Sauti ya maharagwe yanaanguka kwenye sinia, moja moja, ta, ta.

“Ndo maana nasema!” akajibu Mama Zuhura wa wakati ule.

Na kikohozi kikaanza. Kilianza kama tulivyokuwa tunakijua, hu, hu, hu, cha chini kifuani, na nikamwona Mama Zuhura anainua mkono kama wa kuzima. Lakini sasa kilikuwa na juu yake. Juu, pale ambapo shati lilikuwa limemeza kila kitu, kulikuwa na hi hi hi nyembamba, na pumzi ikivutwa, na mwanamke naye akipaza sauti, akicheka kama msichana wa shule anayekatazwa kucheka. Mzee alikuwa anacheka! Walikuwa wanacheka wote wawili! Kikohozi cha kweli kilikuwepo, kidogo, katikati, cha mtu aliyepaliwa kwa kicheko, halafu akaendelea tena kucheka.

“Bon,” akasema alipopata pumzi. “Zuhura, umesikia mama yako. Awe wa Jabe, awe wa wapi, mi nataka kitu moja. Akuchekeshe. Ata siku umelala ivi. Zima, Mama Zuhura, zima, betri inaisha.”

Ikazimika yenyewe.

Mzee Bakari alikuwa anafuta macho kwa kofia. “Basi,” akasema, “kazi kidogo tumekubali, na maneno mingi tumekubali. Kuchekesha tunajua. Isa, simama, uchekeshe.” Maskini Isa akasimama, akafikiri, hakupata hata neno moja, akabaki ameduwaa na suti yake, na Zuhura akaangua kicheko mpaka akajishika magoti. Vikapu vikashuka chini.

Mama Zuhura peke yake hakucheka wala hakulia. Alikuwa anatazama bafle. “Miaka yote,” akasema, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, “miaka yote namzima anacheka.”

Arusi ilifungwa na wako vizuri, msiulize. Mimi ndiye niliyebaki na mzigo. Watoto wa Jabe hawaniiti tena Mama Bafle, wakiniona tu wanatikisa mikono kama mimi pale kwenye kompyuta, wakiimba “asiolewe Jabe, asiolewe Jabe, puuu!” na jirani yangu wa kikapu mpaka leo akitaka kuazima chumvi anauliza kwanza kama haitarekodiwa. Baba Mdogo Ramadhani amekataa kuniuzia hata bolti. Mama Zuhura mwenyewe alikaa muda mrefu hapiti kwangu, na nilimwelewa, na iliniuma.

Basi juzi, niko chumbani, cherehani zinalia huko mbele, naona mlango unafunguliwa. Ni yeye, ameteremka mpaka Jabe, mkoba mkononi. Akakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki. Hakunipa hata salamu nzuri.

“Niwekee,” akasema. “Kuanzia pale kwenye kikohozi.”

Nikamvalisha spika za masikio, nikamwekea. Na hapa mbele yenu naapa, sitaacha tena mkia wa rekodi ya mtu bila kuusikiliza mpaka mwisho, hata mwenyewe akiniambia niukate tu, na siku ya mahari ya watu macho yangu yatakaa kwenye kompyuta kama yamegandishwa. Nilitaka kumwambia hivyo na yeye. Nilimgusa bega, nikamuuliza kama sasa nimkatie vizuri, nimtengenezee ya kwenda nayo.

Hakufungua macho. Alininyooshea kiganja tu.

“Ngoja kwanza, Mwajuma,” akasema. “Bado anacheka.”